169.254: Namba Inayosingiziwa Ubovu

Ukifungua mipangilio ya kompyuta yako ukakuta anwani ya mtandao (IP) inayoanza na 169.254, usikimbilie kuchomoa ruta. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huiona namba hiyo kama ugonjwa. Wanasema "IP imeharibika", wanabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa kijiti cha meno, na ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Matatizo ya kweli huanzia hapo: nywila ya Wi-Fi imefutika, mipangilio ya kampuni ya intaneti imefutika, na nyumba nzima inakaa gizani mpaka aje fundi mwingine. Namba yenyewe haikuharibu kitu. Kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajitafutia.

Mtaani kwetu hapa Temeke mimi ndiye wa kupigiwa simu mambo haya yakitokea. Kuna mama mmoja jirani ambaye mazungumzo yetu sasa nayajua kwa moyo.

"Mwanangu, mtandao umekataa tena."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kimetokea kialama hapa chini, na mtoto ana kazi ya shule."

"Nisomee ile anwani, pale nilipokuonyesha."

"Mia moja sitini na tisa, nukta, mia mbili hamsini na nne..."

"Hapo hapo, inatosha. Umeme ulikatika?"

"Umerudi sasa hivi."

"Basi kunywa chai kwanza mama. Ukimaliza, angalia tena."

Na mara nyingi akimaliza chai mtandao umerudi. Simwambii hivyo kwa uvivu. Umeme ukirudi, kila kilichochomekwa kinaamka kwa pamoja, ila hakuna kinachoamka kwa kasi ileile. Kompyuta ya mezani yenye diski ya kisasa inakuwa tayari kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Ruta za kawaida huchukua dakika moja, pengine mbili na ushei, kujipanga. Katika pengo hilo kompyuta inapaza sauti kwenye mtandao: "Kuna anayegawa anwani?" Mgawaji ni ile huduma ya DHCP, ambayo majumbani hukaa ndani ya ruta, na wakati huo bado amelala. Kompyuta inarudia ombi, inangoja, halafu inajipa anwani ya 169.254. Windows haikomi hapo. Kwa desturi yake huendelea kuuliza chinichini kila baada ya dakika 5 hivi, na siku ruta ikijibu, inaitupa ile anwani ya muda na kuvaa ya kawaida, tuseme 192.168.1.23. Asiyetaka kungoja afungue dirisha la amri (Command Prompt) aandike `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`. Kuzima na kuwasha kila kitu nako kunafanya kazi, na ndiyo maana watu wanaamini kuzima na kuwasha ni dawa. Kilichoponya ni ule muda uliopita.

Anwani hizi zinajulikana kwa wataalamu kama link-local, nami nitaziita anwani za kiungo. Kiungo ni eneo ambalo pakiti, yaani kifurushi cha data, inaweza kufika bila kuvuka ruta: vifaa vyote vilivyo kwenye swichi moja (kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao), au kwenye Wi-Fi moja. Anwani ya kiungo inaishia hapo. Ruta haziruhusiwi kuisafirisha pakiti yake kwenda mtandao mwingine, hata kama mtandao huo uko chumba cha pili.

Kwa upande wa IPv4, ule mfumo wa zamani wa anwani za namba nne kama hizi, utaratibu wake uliandikwa rasmi Mei 2005 katika RFC 3927, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti. Waandishi wake watatu walitoka kampuni zilizokuwa zikishindana: Stuart Cheshire wa Apple, Bernard Aboba wa Microsoft na Erik Guttman wa Sun Microsystems. Karatasi ilikuja nyuma ya kazi, kwani Windows 98 na Mac za enzi hizo zilikuwa tayari zikijipa anwani hizi miaka kadhaa kabla.

Namna kompyuta inavyojichagulia inapendeza kuifuatilia. Fungu lote ni 169.254.0.0 hadi 169.254.255.255, lakini anwani 256 za mwanzo na 256 za mwisho zimetengwa, zinabaki 65,024. Kompyuta inachagua moja kwa bahati nasibu, na nasibu hiyo inaanzia kwenye namba ya kadi yake ya mtandao, ile MAC. Kwa hiyo kesho ikijipa tena, aghalabu itaangukia namba ileile ya jana. Kabla ya kuitumia inapiga hodi: inatuma ulizo la ARP (njia ya kuuliza anwani fulani ni ya kadi ipi) mara tatu, likipishana kwa sekunde moja hadi mbili, "mwenye anwani hii yupo?" Sisi tumefundwa kwamba hodi ya tatu isipojibiwa unageuza unarudi. Kompyuta inafanya kinyume: hodi ya tatu isipojibiwa, inaingia na kuhamia. Ikijibiwa, inachagua namba nyingine na kuanza upya. Ikigongana na wenyewe mara 10, sharti ipunguze kasi, isijaribu zaidi ya mara moja kwa dakika, isije ikaujaza mtandao kelele.

Hapo hakuna mkubwa wa kuruhusu wala daftari la majina. Vifaa viwili visivyofahamiana vinaelewana kwa sekunde chache tu.

Sasa, kwa anayetafuta tatizo, namba hii ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Waya ukiwa umechomoka, Windows haikuonyeshi 169.254, inasema hakuna waya. Ukiiona kwenye kadi ya waya, jua waya umeshika kitu fulani kinachowaka, iwe ruta yenyewe au swichi iliyo njiani. Kwenye Wi-Fi inakwambia nywila uliyoweka ni sahihi, kwa sababu ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA2 haukufikishi hata kwenye hatua ya kuomba anwani kama nywila imekosewa. Zamani, enzi za WEP, ule ulinzi wa kale wa Wi-Fi, haikuwa hivyo: ulikuwa unaweza kukosea nywila, ukaonekana umeunganishwa, ukaishia na 169.254 na kulala ukijiuliza. Kama bado kuna nyumba inatumia WEP, hilo ni tatizo kubwa kuliko anwani.

Na kwa nyumba yenye ruta yake, namba hii inaiondolea lawama kampuni ya intaneti. Bando likiisha, au mkonga ukikatwa na watu wa mabomba huko barabarani, ruta bado itakugawia 192.168 yako kama kawaida. Kurasa tu ndizo hazitafunguka. Kumpigia wakala wa intaneti wakati umeshika 169.254 ni kumpotezea muda na kujipotezea salio. Tatizo liko kati ya kifaa chako na mgawaji, ndani ya kuta zako.

Kuna kisa kimoja cha namba hii kinachowachanganya hata wajuzi, nacho huja siku za furaha. Sikukuu ya Idi, au wiki ya harusi, nyumba imejaa. Kila mgeni akivua viatu anauliza nywila ya Wi-Fi, na ukarimu hauruhusu kumnyima. Ruta imepangwa kugawa, mathalani, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, yaani anwani 50, na kila anwani inakodishwa kwa saa 24. Shangazi wa Tanga anafika asubuhi na simu mbili, adhuhuri anaondoka. Anwani zake mbili hazikuondoka naye. Zimeandikwa kwake mpaka kesho. Wapwa nao wana simu, tableti na laptopu. Ikifika jioni daftari limejaa. Sasa ile TV ya sebuleni, iliyokuwa imezimwa mchana kutwa na anwani yake ikapewa mwingine, inawashwa kwa ajili ya mpira. Inaomba, haipewi. Simu za watu wote zinafanya kazi, TV peke yake ina 169.254, na hukumu inatolewa pale pale kwamba TV imekufa.

TV haijafa. Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya waliogawiwa anwani, utawakuta wageni wa mchana wamejipanga. Ongeza fungu lifike 192.168.1.250, punguza muda wa kukodisha uwe saa mbili au tatu, basi. Vitu vya kudumu kama TV na printa vitengee anwani zao kabisa, visigombanie na wageni. Kwenye nyumba za kupanga, ambako vyumba sita vinachangia ruta moja, hali hii si ya sikukuu pekee.

Jambo jingine linalopoteza watu ni kwamba ugonjwa mmoja hauonekani sawa kwenye kila kifaa. iPhone na Mac hujipa 169.254 kama Windows. Simu nyingi za Android hazifanyi hivyo: zinaandika kwamba zinatafuta anwani ya IP, zinazunguka, mwishowe zinaachia. Linux yenye programu ya mtandao ya NetworkManager nayo, usipoiambia vingine, inasema tu imeshindwa kuunganisha. Kwa hiyo mtoto mwenye Android atasema "Wi-Fi inakataa", mwenye laptopu atasema "Wi-Fi imeshika ila hakuna intaneti", wagombane, na wote wawili wako sahihi.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii ambayo mimi naiogopa zaidi. Mtu ana ruta ya zamani, anaichomeka kwenye ile mpya ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, bila kuzima ugawaji wa anwani kwenye ile ya zamani. Nyumba inakuwa na wagawaji wawili. Kifaa kinapokea anwani nzuri tu, 192.168.0.7, yenye kila dalili ya afya, kisha hakiendi popote kwa sababu mgawaji aliyetangulia kujibu ni yule asiyeijua njia ya kutokea. Hapo unaweza kupoteza jioni nzima. Afadhali 169.254, isiyokudanganya.

Nililolisema mpaka hapa linawatosha wanaotaka mtandao urudi tu. Lakini mimi nina ugomvi na mazoea yetu. Kwa wengi wetu mtandao wa nyumbani na intaneti ni kitu kimoja. Bando likiisha, ruta inazimwa "isile umeme bure". Wakati ule ule, ndani ya nyumba hiyo, mtu ana video ya harusi ya GB 4 kwenye laptopu moja na anataka ifike laptopu ya pili iliyo juu ya meza hiyo hiyo. Nimeona watu wakiipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni kisha kuishusha tena, bando la GB 8 limeteketea kwa safari ya nusu mita.

Chukua waya wa mtandao, chomeka upande mmoja huku na wa pili kule. Ruta haihitajiki, wala swichi. Kadi za siku hizi zinajua zenyewe kugeuza nyaya za kutuma na kupokea, zile habari za waya maalumu wa kupishanisha (crossover) zimekwisha. Ngoja dakika moja hivi. Laptopu zote mbili zitaomba anwani, zitakosa, kila moja itajipa yake ya 169.254, na tayari zinaonana. Kwa kadi za gigabiti na diski zisizo za kuzunguka, GB 4 zinapita ndani ya dakika moja. Windows itauhesabu mtandao huo kuwa usiotambulika na kuufunga kama wa hadharani, kwa hiyo ruhusu kwanza ushirikiano wa mafaili, na uufunge ukimaliza. Kama hutaki kukariri namba, vifaa vingi vinajibu kwa jina linaloishia na `.local`. Kazi hiyo inafanywa na mDNS, njia ya vifaa kutafutana kwa majina bila seva, iliyoandikwa rasmi 2013 katika RFC 6762, na huyo huyo Cheshire ni mmoja wa waandishi wake. Swali la jina linatumwa kwa kikundi 224.0.0.251 kwenye poti 5353, na mwenye jina anajibu mwenyewe. Simu yako inapoiona TV na kukuonyesha alama ya kurusha picha, mara nyingi imepitia mlango huo.

Tukija kwenye IPv6, mfumo mpya wenye anwani ndefu zaidi, kila kitu kinageuka. Katika IPv4 anwani ya kiungo ni ya dharura, inatokea mambo yakiharibika. Katika IPv6 ndiyo ya kwanza kuwepo na haiondoki. Kila kadi inayozungumza IPv6 lazima iwe nayo, iwe kampuni yako ya intaneti inatoa IPv6 au haijawahi kuisikia. Inaanza na fe80. Fungua kompyuta yoyote sasa hivi, andika `ipconfig` au `ip addr`, utaikuta imekaa kimya chini ya anwani yako ya kila siku.

Zamani ilitengenezwa moja kwa moja kutoka kwenye MAC. Tuseme kadi yako ni 00:1a:2b:3c:4d:5e. Unaikata katikati, unapachika ff:fe, kisha unageuza biti ya saba ya mwanzo, ile 00 inakuwa 02. Unapata fe80::21a:2bff:fe3c:4d5e. Ukiona ff:fe katikati ya anwani, unaweza kuisoma kinyumenyume ukapata MAC ya kifaa, na kutokana na MAC ukajua kampuni iliyotengeneza kadi. Watu wa faragha hawakupendezwa. Windows tangu Vista inatumia namba za nasibu badala yake, na RFC 7217 ya mwaka 2014 iliweka njia ya kupata namba isiyobadilika katika mtandao mmoja lakini isiyofanana na ya mtandao mwingine. Printa na kamera za bei nafuu nyingi bado zinatumia ule mtindo wa kale, jambo linalonisaidia sana ninapotafuta ipi ni ipi.

Kinachowashangaza wengi ni lango. Kwenye nyumba yenye IPv6, njia ya kutokea kwenda intaneti huandikwa kwa anwani ya kiungo ya ruta, labda fe80::1, wala si kwa anwani ya umma. Ina mantiki: kampuni ya intaneti inaweza kukubadilishia anwani za umma usiku, lakini ruta iliyo ukutani bado ni ileile, na wewe unaifikia kwa jina lake la ndani. Ulinzi wake nao ni wa akili nyepesi ninayoipenda. Ujumbe wa ruta kujitambulisha hutumwa ukiwa na hesabu ya 255, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na kila ruta inayopitisha pakiti hupunguza moja. Ukipokea 255 kamili, aliyetuma yuko kwenye kiungo chako. Ikifika 254, itupe, imetoka mbali na inajifanya ya nyumbani.

Kwa kuwa kila kadi ina fe80 yake, laptopu yenye Wi-Fi na waya kwa pamoja haiwezi kujua unakusudia upande gani. Ndiyo maana anwani hubebeshwa mkia: `fe80::1%wlan0` kwenye Linux, `fe80::1%12` kwenye Windows, namba 12 ikiwa ni ya kadi. Ukiusahau, Linux inakugomea. Na vivinjari vikubwa haviupokei mkia huo kwenye sehemu ya kuandika anwani, hivyo kuingia kwenye ruta kwa njia hii kupitia kivinjari ni kero tupu.

Jaribu hii ukiwa na Linux nyumbani: `ping ff02::1%wlan0`, ukiweka jina la kadi yako. Hiyo ff02::1 ni wito kwa kila kifaa cha IPv6 kwenye kiungo. Kwangu inajibu ruta kwanza, kisha printa, halafu TV ambayo wote tunaamini imezimwa. Kompyuta za Windows kwa kawaida hukaa kimya kwenye wito huu, lakini `ip -6 neigh` itakuonyesha zile ulizokwisha kuzungumza nazo.

Kuna mafundi ambao kazi yao ya kwanza wakifika nyumbani kwa mtu ni kuzima IPv6, "hatuitumii". Mnaitumia. Andika `ping` ikifuatiwa na jina la kompyuta nyingine ya Windows ya humo ndani, na mara nyingi jibu linarudi na fe80 na mkia wake. Microsoft wenyewe hawashauri kuizima. Fundi akiizima na tatizo likaondoka, ujue kuna kitu kingine kilichofunikwa blanketi.

Swali ninaloulizwa na wenye nyumba ni kama anwani hizi ni hatari. Kutoka nje, hapana. Mtu aliye intaneti hana njia ya kuifikia fe80 wala 169.254 yako moja kwa moja. Hatari yake inaonekana vizuri huko kwenye seva za kukodi, si majumbani. Amazon wanatumia 169.254.169.254 kama dirisha ambalo seva inauliza habari zake yenyewe, zikiwemo hati za siri za kupitia milango mingine. Mwaka 2019 mtu aliyekuwa nje alilidanganya tabaka la ulinzi la benki ya Capital One limuulizie kwenye dirisha hilo kwa niaba yake, na taarifa za watu zaidi ya milioni 100 wa Marekani na Kanada zikatoka. Anwani ilikuwa ya ndani kweli. Aliyeuliza ndiye aliyekuwa ndani pia, kwa kutumwa.

Nyumbani, wa kumfikiria ni yule mliye naye kwenye kiungo kimoja. Katika nyumba ya kupanga yenye Wi-Fi ya pamoja, mpangaji wa chumba cha nne anaiona printa ya chumba cha kwanza, anaweza kuiamuru ichapishe karatasi usiku wa manane, na akijua anachofanya anaweza kujitangaza yeye ndiye ruta. Ruta nyingi zina kipengele cha kuwatenganisha wateja, ambacho kinazuia vifaa vya Wi-Fi visizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Mwenye nyumba akiniita, kwenye Wi-Fi ya wapangaji nakiwasha bila kuuliza. Malalamiko yatakuja tu: mwenye TV atasema simu yake haiioni tena, na ni kweli, kwa sababu wito wa mDNS sasa unaishia kwenye ruta. Huyo namshauri anunue ruta yake ndogo, achomeke tundu lake la intaneti kwenye ile ya nyumba, na simu, TV na printa yake aziweke nyuma ya hiyo ndogo. Atalipia umeme kidogo zaidi, ila atakuwa na kiungo chake mwenyewe.